Siku Yako Ilivyo: Kujiandaa na Rufaa ya Mafao ya Ulemavu

Mazungumzo yetu yanawahusu wale walioomba mafao ya ulemavu hapa Marekani, wakakataliwa, na sasa wanasubiri kwenda mbele ya jaji. Najua hili si jambo tunalopenda kulisimulia. Mtu akivunjika mguu, majirani huja na chakula. Mtu akinyimwa mafao hunyamaza, maana anahisi ofisi imemwita mwongo. Ndiyo maana nimeona tulizungumze wazi, kwa lugha yetu, hatua kwa hatua.

Kwanza nikutoe hofu. Kukataliwa mara ya kwanza ni jambo la kawaida. Maombi mengi ya ulemavu hukataliwa mwanzoni, hata ya wazaliwa wa nchi hii. Waliolikataa ombi lako kwa kawaida hawakukuona, walisoma karatasi. Kikao cha rufaa ndiyo nafasi yako ya kusikilizwa kwa sauti yako mwenyewe na mtu mwenye mamlaka ya kuamua. Na katika yote nitakayosema leo, kuna moja ambalo mengine yote yanalifuata: jina la ugonjwa wako halimtoshi jaji. Anataka kujua siku yako ilivyo, tangu unapoamka mpaka unapolala. Ukiweza kuieleza siku hiyo kwa ukweli na kwa vipimo, umejiandaa.

Tuanze na msingi. Idara ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani, ambayo sote tunaiita Social Security, ina mipango miwili ya ulemavu. SSDI, iliyotokana na sheria ya mwaka 1956, ni ya mtu aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Social Security kwenye mshahara wake kwa muda wa kutosha. SSI, iliyoanza kulipa Januari 1974, ni ya mtu mwenye kipato na mali kidogo, hata kama hajawahi kuajiriwa hapa. Mwaka 2025, kiwango cha juu cha SSI kilichotolewa na serikali kuu kwa mtu mmoja kilikuwa dola 967 kwa mwezi, na anayelipwa hatakiwi kuwa na mali inayozidi dola 2,000. Yapo mambo machache yasiyohesabiwa, kama nyumba anayoishi na kwa kawaida gari moja.

Kwa sisi tuliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale kuna sharti jingine. Kwa sheria ya mwaka 1996, iliyorekebishwa mwaka 1997, mkimbizi hupata SSI kwa miaka 7 tu tangu alipopewa hadhi hiyo, na ili aendelee baada ya hapo, mara nyingi hulazimika kuwa raia. Miaka hiyo haisimami kusubiri rufaa yako. Kila mwezi unaopita barua ya kukataliwa ikiwa kabatini ni mwezi uliopungua. Kwa hiyo anayeshughulikia rufaa na ashughulikie na uraia pamoja.

Sasa ngazi zenyewe. Ombi la kwanza likikataliwa, unaomba lipitiwe upya. Likikataliwa tena, unaomba kusikilizwa na jaji. Jaji akikataa, kuna Baraza la Rufaa, na baada ya hapo mahakama ya shirikisho. Kila ngazi ina siku 60 za kukata rufaa, zikihesabiwa tangu siku ulipopokea barua, na ofisi hukisia kuwa umeipokea siku 5 baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Mtu akiona siku zimepita na kuamua kuanza ombi jipya, mara nyingi hupoteza malimbikizo ya mafao ya miezi mingi. Na kama siku zimekupita kwa sababu ulikuwa umelazwa, au hukuielewa barua kwa kuwa iko kwa Kiingereza, usikate tamaa. Kanuni zenyewe zinataka ofisi izingatie ugonjwa na ugumu wa lugha kama sababu ya kuchelewa. Andika, eleza, na uombe ukubaliwe.

Tuje kwenye moyo wa jambo. Sheria inasema mlemavu ni mtu ambaye, kwa sababu ya maradhi au jeraha lililothibitishwa kitabibu, hawezi kufanya kazi ya maana ya kujipatia kipato, na hali hiyo imedumu au inatarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi, au kuishia katika kifo. Mwaka 2025, mtu asiye kipofu aliyepata zaidi ya dola 1,620 kwa mwezi kwa kazi yake alihesabiwa kuwa anaweza kufanya kazi hiyo ya maana. Zingatia kwamba sheria haiulizi tu kama unaumwa. Inauliza ugonjwa huo umekuzuia kufanya nini. Watu wawili wanaweza kuwa na kisukari kile kile. Mmoja anaendesha lori, mwingine hahisi nyayo zake na haoni vizuri. Jaji anapaswa kumjua kila mmoja kwa uwezo wa mwili wake na akili yake.

Na hapo ndipo malezi yetu mema yanapotugeuka. Sisi tumefundishwa kutolalamika. Daktari akiuliza unaendeleaje, tunajibu tunaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Akiuliza maumivu, tunasema ni kidogo tu, yatapita. Tumeona vita, tumelala njiani, tumezika watoto. Maumivu ya mgongo yataanzaje kutajwa mbele ya mgeni? Lakini daktari anaandika anachosikia. Kwenye faili inaandikwa kuwa mgonjwa anaendelea vizuri, hana malalamiko mapya. Miezi kumi baadaye jaji anaisoma sentensi hiyo, kisha anakusikia ukisema huwezi kusimama, naye anajiuliza aamini lipi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na katika rufaa hizi kilio chenyewe huja katika umbo la barua ya kukataliwa.

Kwa hiyo maandalizi yanaanzia kliniki, miezi mingi kabla ya kikao. Ukienda kwa daktari, mshukuru Mungu kama kawaida yako, kisha sema na mengine. Sema usiku uliamka mara ngapi. Sema dawa inakusaidia kiasi gani na inakuletea nini, kama ni usingizi wa mchana, kizunguzungu au kichefuchefu. Kama umeacha dawa kwa kuwa huna hela au bima imekatika, sema hivyo ili iandikwe, maana faili linaloonyesha kuwa hukunywa dawa bila kueleza sababu linaweza kukuumiza. Usikose miadi, na ukikosa piga simu.

Watu wengi hudhani silaha kubwa ni barua ya daktari inayosema fulani hawezi kufanya kazi. Barua ya namna hiyo haina uzito. Kwa kanuni zinazotumika kwa maombi yaliyofunguliwa tangu Machi 27, 2017, uamuzi wa nani ni mlemavu ni wa Social Security peke yake, na maneno ya daktari kwamba mtu ni mlemavu hayapimwi kama ushahidi. Kinachopimwa ni daktari anaposema mgonjwa wake anaweza kukaa kwa dakika ngapi mfululizo, kusimama kwa muda gani, kunyanyua uzito gani na mara ngapi, vidole vinashika au havishiki, atahitaji kujilaza mchana au la, na kwa kawaida atashindwa kwenda kazini siku ngapi kwa mwezi. Na aeleze amejuaje: picha ya uti wa mgongo, kipimo cha mishipa ya fahamu, uchunguzi wa mkono. Jaji huangalia kama maoni ya daktari yana vipimo vya kuyabeba na kama yanapatana na sehemu nyingine za faili. Muombe daktari wako ajaze fomu ya aina hiyo. Anayekutibu akiwa muuguzi bingwa mwenye leseni, naye anakubalika.

Kuhusu karatasi, shika tarehe mbili. Taarifa ya kikao inatakiwa kutumwa angalau siku 75 kabla. Ushahidi wa maandishi unatakiwa kufika, au uwe umemjulisha jaji kwamba upo na unautafuta, angalau siku 5 za kazi kabla ya kikao. Usiseme utaubeba mkononi siku hiyo. Una haki ya kuliona faili lako lote mapema. Liombe, na utafute kilichokosekana. Mara nyingi utakuta hospitali moja imeleta kila kitu na nyingine haijaleta hata ukurasa. Unawajibika pia kuwasilisha au kutaja kila ushahidi unaohusu ulemavu wako, unaokusaidia na usiokusaidia. Taarifa ya kikao itasema pia kama utasikilizwa kwa simu, kwa video au ana kwa ana. Kama njia waliyopanga haikufai, kwa mfano husikii vizuri kwenye simu, pinga kwa maandishi mapema, ndani ya muda uliotajwa katika barua za ofisi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ugonjwa nao ni hivyo hivyo. Nunua daftari la shule. Kila jioni andika mistari mitatu kwa Kiswahili chako: leo nimelala saa ngapi, nimeshindwa nini, nimesaidiwa na nani. Usiyejua kuandika, mwambie mtoto akuandikie unachosema. Baada ya miezi miwili utakuwa na majibu ambayo kichwa kisingeyakumbuka mbele ya jaji, hasa kuhusu siku nzuri na siku mbaya. Hakuna ugonjwa unaofanana siku zote, na jaji anajua hivyo. Anachotaka kusikia ni kwa wiki moja siku mbaya ni ngapi na siku hiyo inakuwaje.

Siku ya kikao yenyewe, ujue unaowakuta. Kuna jaji, kuna anayesimamia kurekodi, mara nyingi kuna mtaalamu wa ajira, na wakati mwingine daktari aliyeitwa kutoa maoni. Kwa kawaida hakuna mwanasheria wa serikali wa kukubana, wala watazamaji; kikao hakiko wazi kwa umma. Utakula kiapo au kuahidi kusema kweli. Vikao vingi havimalizi saa moja. Ndani ya muda huo mfupi, majibu yako ndiyo yatakayobeba kila kitu, basi tuyaangalie kwa karibu.

Tuseme kuna mama wa miaka 52. Alitoka Kivu Kusini, akaishi kambini miaka mingi, akafika hapa na kuajiriwa kwenye kiwanda cha kuku. Alikata mapaja kwenye laini zamu nzima, mpaka mikono ikafa ganzi na mgongo ukakataa. Jaji anamuuliza: unaweza kusimama kwa muda gani? Anajibu: "Kidogo." Unaweza kubeba nini? "Vitu vyepesi." Unapika nyumbani? "Ndiyo, napika." Unaenda kanisani? "Ndiyo, kila Jumapili, Mungu ni mwema." Hajasema uongo hata mara moja, na kesi yake inaharibika mbele ya macho yake.

Sasa mama yule yule akiwa amejiandaa. Kusimama: "Nikiosha vyombo, baada ya kama dakika 10 ganzi inashuka kutoka kiunoni hadi unyayo wa kulia. Nakaa dakika 20, ndipo narudi kumalizia." Kubeba: "Galoni ya maziwa naitoa kwenye friji kwa mikono miwili. Mwezi uliopita nilijaribu kwa mkono wa kulia peke yake, ikaniponyoka." Kupika: "Ugali anasonga binti yangu. Mimi nakaa kwenye kiti nachambua mboga, na nikishika kisu kwa dakika 5 vidole vinajikunja, naviachia." Kanisa: "Nakwenda. Nakaa kiti cha nyuma karibu na ukuta, nainuka kila baada ya muda, mara nyingi naondoka kabla ibada haijaisha. Jumatatu yake nashinda nimelala." Ukweli ni ule ule. Tofauti ni kwamba sasa jaji anaweza kuupima.

Vipimo hivyo vina kazi. Social Security hugawa kazi kwa uzito. Kazi ya kukaa ni ile ya kunyanyua uzito usiozidi pauni 10, yaani kama kilo nne na nusu, na kukaa kama saa 6 katika zamu ya saa 8. Kazi nyepesi ni hadi pauni 20, na kusimama au kutembea kama saa 6. Galoni ya maziwa inazidi pauni 8 kidogo. Mama huyu aliposema inamponyoka, na kwamba hawezi kusimama zaidi ya dakika 10, alikuwa anamwambia jaji, bila kujua lugha ya kanuni, kwamba kazi nyepesi haiwezi. Na kwa kuwa amevuka miaka 50, hilo lina maana kubwa: kanuni hulegea mtu akifika miaka 50, na hulegea tena akifika 55, hasa kwa asiye na ujuzi wa kuhamishia kwenye kazi nyingine.

Taja pia sehemu ya mwili kwa ukamilifu. Kwetu mkono unaanzia begani hadi vidoleni, na mguu unaanzia nyongani hadi unyayoni. Jaji anatenganisha, kwa sababu bega linalouma linazuia kufikia kitu juu, na vidole vyenye ganzi vinazuia kushika vitu vidogo. Ni kazi tofauti zinazoondolewa. Basi sema bega, kiwiko, kifundo, kiganja, vidole. Sema nyonga, goti, unyayo. Sema upande wa kulia au wa kushoto. Usimwachie mkalimani akisie.

Na hapa nionye kwa upande wa pili. Usiongeze chumvi. Ukisema huwezi kabisa kutembea, na faili linaonyesha ulitembea kliniki bila fimbo, kila neno lako jingine linachafuka. Usiseme maumivu ni kumi kwa kumi kila saa ya kila siku. Kama unaendesha gari kwenda dukani dakika 10, sema unaendesha. Kama ulijaribu kazi ya usafi ukaiacha baada ya wiki mbili kwa sababu mgongo ulikataa, sema; jaribio lililoshindikana kwa ajili ya ugonjwa linaweza hata kukusaidia. Kama hujui jibu, sema hujui. Jaji anapokea kutojua kwa urahisi zaidi kuliko kubahatisha.

Kuna maradhi yasiyoonekana, nayo yana nafasi yake. Tangu Januari 2017, orodha ya maradhi ya Social Security ina kifungu mahususi kwa ajili ya athari za kiwewe. Wengi wetu tumeyabeba: jinamizi la usiku, kushtuka mlango ukigongwa, kushindwa kukaa kwenye umati, kusahau ulichoagizwa dakika chache zilizopita. Sijui mtu anayefurahia kuyataja hayo, na wanaume wetu ndio wagumu zaidi. Baba, mzee wangu, kuyasema mbele ya jaji hakukupunguzii heshima. Huna haja ya kusimulia waliyokufanyia usiku ule kijijini. Kinachohitajika zaidi ni yanayokupata leo: unalala saa ngapi, unaweza kufuata maelekezo ya bosi kwa muda gani, inakuwaje mtu akikupigia kelele kazini. Ikibidi kuyataja ya nyuma na ukaelemewa, omba mapumziko. Na lazima kuwe na tiba na kumbukumbu za mtaalamu. Jaji hawezi kuamua kwa machozi peke yake.

Mkalimani. Social Security hutoa mkalimani bila malipo. Mwombe tangu unapojaza ombi la kusikilizwa, na taja lugha kwa ufasaha. Kama umri wako wote umesema Kibembe au Kifuliru, na Kiswahili umekiokota kambini, omba lugha uliyonyonya. Kama ni Kiswahili, sema ni Kiswahili cha Congo, au cha Tanzania, au cha Kenya, maana mtu wa Uvira na mtu wa Nairobi wanaweza kupishana hata kwenye hesabu ya saa. Usimtumie mtoto wako, hata kama Kiingereza chake kinateleza. Mtoto atakuonea huruma au aibu, na ataacha maneno. Siku ya kikao jibu sentensi fupi, subiri itafsiriwe, endelea. Usipoelewa, sema wazi hujaelewa, na uhakikishe hilo limerekodiwa. Wengi wetu kwa heshima tunaitikia "ndiyo" kumridhisha mkubwa, na "ndiyo" hiyo inabaki kwenye rekodi.

Kutojua lugha kwenyewe hakusaidii tena rufaa kama zamani. Hadi mwaka 2020, kutojua Kiingereza kulihesabiwa katika kupima kama mtu mzima mwenye ulemavu anaweza kupata kazi nyingine. Tangu Aprili 27, 2020, kigezo hicho kimeondolewa. Kilichobaki ni kutojua kusoma na kuandika kabisa, na hapo swali ni kama unaweza kusoma au kuandika ujumbe mfupi katika lugha yoyote. Anayesoma Biblia au Kurani kwa Kiswahili anahesabiwa anajua kusoma. Asiyejua asione haya kusema hajui. Wapo mama zetu waliotolewa shule na vita, au ambao shule ilikuwa ya kaka zao, na leo wanajibu kuwa wamesoma kidogo kwa kuogopa kudharauliwa. Jibu hilo la kujilinda linaweza kuwanyima haki yao.

Mtaalamu wa ajira naye anahitaji maandalizi. Kwanza atazieleza kazi zako za nyuma. Tangu Juni 2024, zinaangaliwa kazi za miaka 5 iliyopita tu. Awali ilikuwa miaka 15. Kama fomu yako inasema tu "kazi ya kiwanda," atadhani ni nyepesi. Eleza: ulisimama zamu nzima, ulisukuma mikokoteni, boksi moja lilikuwa la uzito gani. Kisha jaji atamuuliza: tuchukulie mtu wa umri huu na elimu hii, asiyeweza kunyanyua zaidi ya pauni 10, kuna kazi gani nchini anaweza kufanya? Mtaalamu atazitaja. Hazina budi kuwa kazi zilizopo kweli. Mwaka 2024 Social Security yenyewe ilikubali kuwa baadhi ya kazi zilizokuwa zikitajwa kuwanyima watu mafao zimebaki chache mno, ikaacha kuzitumia kama sababu ya kukataa. Halafu huja swali ambalo mwakilishi wako, yaani wakili au mtu anayekusimamia kwenye rufaa, lazima aliulize: na kama mtu huyo atakosa kazini siku 3 kila mwezi, au atahitaji kujilaza saa moja mchana nje ya mapumziko? Mara nyingi jibu huwa ni kwamba hakuna mwajiri atakayemvumilia. Swali hilo lina nguvu pale tu ulipokwisha kueleza siku zako mbaya, na daktari akaziandika. Ndipo unaona kwa nini daftari, kliniki na kikao ni kazi moja.

Kuhusu umri, wengi wetu kwenye karatasi tumezaliwa Januari 1, kwa sababu aliyetuandikisha kambini hakuwa na tarehe nyingine. Kwenye kikao taja tarehe iliyo kwenye hati zako, ile ambayo Social Security wanayo. Kama una cheti halisi cha kuzaliwa au cha ubatizo chenye mwaka tofauti, usiliibue suala hilo ghafla mbele ya jaji. Mpelekee mwakilishi wako mapema, maana kubadili tarehe kunagusa hata hati zako za uhamiaji.

Je, lazima uwe na wakili? Si lazima, lakini nakusihi utafute mwakilishi. Kwa utaratibu wa kawaida hulipi ukishindwa. Ukishinda, ada haizidi asilimia 25 ya malimbikizo, na kikomo kilichowekwa kuanzia Novemba 30, 2024 kilikuwa dola 9,200. Social Security ndiyo inayoiidhinisha. Gharama ndogo kama za kunakili kumbukumbu za hospitali zinaweza kuwa nje ya ada hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kusaini. Yapo pia mashirika ya msaada wa kisheria yasiyotoza kitu, nayo yapo katika kila jimbo. Ama mtu wa mtaani anayekuambia umpe pesa taslimu ili "aongee na ofisi," mkimbie.

Ndugu na majirani, nanyi mna kazi. Mume anayemfunga mke wake viatu, binti anayemwogesha mama, jirani anayewapeleka watoto wa mgonjwa shuleni kwa sababu mgonjwa hawezi tena kuendesha gari: mmoja wenu anaweza kuandika barua au kutoa ushahidi. Aseme alichokiona kwa macho yake, mara ngapi kwa wiki, tangu lini. Kusema fulani ni mtu mzuri na anastahili kusaidiwa hakumpi jaji kitu cha kupima.

Uamuzi hautoki papo hapo kwa kawaida. Huja kwa barua. Ukikataliwa tena, siku 60 zinaanza upya, na Baraza la Rufaa litaangalia kama jaji alifuata sheria na ushahidi. Rekodi ya kikao inakuwa msingi wa kila hatua inayofuata, na ndiyo sababu nyingine ya kuhakikisha kila jambo la muhimu limesemwa humo.

Nimalizie na ombi kwa waliokwisha kupita njia hii. Mnajua maswali, mnajua jinsi koo linavyokauka, mnajua mlichosahau kusema. Msikae na elimu hiyo. Jumuiya zetu za makanisa na misikiti zina vyumba, zina viti, zina jioni za wiki. Kaeni na anayesubiri zamu yake, mmoja awe jaji, amuulize maswali yale yale, na akijibu "kidogo" amwambie: mama, kidogo ni dakika ngapi? Amuulize tena na tena, kwa upole, mpaka aweze kulitamka jibu lake bila aibu. Sheria ya nchi hii imempa haki ya kusikilizwa. Kazi yetu sisi ni kuhakikisha akifika mbele ya jaji ana la kusema, na analisema lote.